Deni la mjomba na filamu ya majaribio

Kuna watu waliorithi mashamba na kuna waliorithi ng'ombe. Mimi nilirithi kamera moja na aibu moja, na vyote viwili vilitoka kwa mjomba wangu.

Mjomba alikuwa mpiga picha wa sokoni katika nchi ya Taita. Studio hakuwa nayo. Siku ya soko alisimama Mwatate, siku ya mshahara alikwenda kwenye mashamba ya mkonge, na sikukuu zilipofika alipanda basi hadi Voi. Wasomaji wa rika langu wanawakumbuka watu wa aina yake. Mteja alisimama wima, akanyoosha ukosi, akakaza uso, maana kucheka mbele ya kamera kulihesabiwa kuwa utoto; akapigwa picha, kisha akatoa arubuni. Picha yenyewe ilikuja baada ya wiki mbili, au mwezi, au isije kabisa.

Tarehe 12 Desemba 1979, siku ya Jamhuri, mjomba alipiga filamu nzima ya picha kumi na mbili, akapokea arubuni kumi na mbili. Picha hizo hazikuonekana. Mjomba mwenyewe alihamia Mombasa kwa muda wa mwaka mmoja, na aliporudi hakumweleza mtu lolote. Wakati huo mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Januari iliyofuata niliingia kidato cha kwanza katika shule isiyokuwa mbali na soko lile, na kabla ya wiki kwisha nilikuwa nimekwisha kupewa jina: Arubuni. Jina hilo lilinifuata hadi kidato cha nne. Mwalimu yeyote anayesoma makala haya anajua jinsi jina la utani linavyoweza kumla mtoto kimyakimya huku yeye mwenyewe akicheka pamoja na wenzake.

Miaka ikapita, nikawa mwalimu wa Kiswahili, nikafundisha, nikastaafu. Mjomba naye alikuwa amekwisha kufariki. Ndipo mkazamjomba aliponiita siku moja akanikabidhi sanduku la bati, akasema kwamba wanawe hawana haja nalo na kwamba panya wameanza kulizoea. Ndani mlikuwa na kamera aina ya Yashica Mat-124G, kopo jeusi la kusafishia filamu, bahasha za negativu zilizogandamana kwa unyevu, na daftari la shule lenye jalada la buluu.

Nililifungua daftari kwanza. Kila ukurasa ulikuwa na mistari iliyopigwa kwa rula: jina, kijiji, idadi ya picha, arubuni, baki. Mbele ya kila jina palikuwa na alama ya kalamu nyekundu kuonyesha kwamba mteja alipewa picha yake na akamaliza deni. Mjomba, ambaye sisi tulimjua kama mtu ovyo, aliandika hesabu zake kwa unadhifu ambao ningefurahi kuuona kwa wanafunzi wangu. Ukurasa mmoja tu haukuwa na alama nyekundu hata moja. Ulikuwa na majina kumi na mawili, na chini yake yalikuwa maneno machache ya penseli: "Imeingia mwanga. Zote."

Nilikaa na maneno hayo kwa muda mrefu. Sisemi kwamba yanamtakasa. Fedha za watu alikuwa amekwisha kuzitumia, na badala ya kwenda kusema kweli alikimbilia Mombasa. Lakini kula fedha za watu makusudi na kuharibikiwa na kazi kisha ukaona haya ni mambo mawili mbalimbali, na kwa zaidi ya miaka arubaini tuliambiwa lile la kwanza.

Nikaanza kuulizia majina yale. Tisa walikuwa wamefariki. Wawili walihama zamani na hakuna aliyejua waliko. Mmoja alikuwa hai, bibi wa miaka themanini na kitu, akiishi mwendo wa nusu saa kutoka Mwatate. Nilipofika kwake nilimkuta bintiye akimkusanyia vyombo, kwani wiki iliyofuata wangemhamishia Mombasa akakae na wajukuu. Nilijitambulisha. Bibi akanitazama, akasema, "Ala! Wewe ndiwe mpwa wa yule mpiga picha." Hakuongeza neno. Nikamwomba ruhusa nije kumpiga picha kwa kamera ile ile, bila ya malipo. Akafikiri, kisha akasema nije Jumamosi.

Basi hebu niwaeleze wasomaji, hasa vijana, nilikuwa nimejitia katika shida gani.

Mtu anayepata kamera kuukuu ya filamu hapigi nayo jambo la maana siku ya kwanza. Kwanza hutia filamu moja ya majaribio. Hupiga ukuta, mti, kilima cha mbali na kitu cha karibu, akiandika katika daftari kila picha aliipiga vipi. Kisha huisafisha filamu na kuona kamera ina magonjwa gani. Mimi filamu nilikuwa nayo moja tu, Ilford FP4 Plus, ambayo rafiki yangu aliniletea kutoka Uingereza inakotengenezewa. Filamu ya pili isingenifikia kabla ya bibi kuondoka. Kwa hiyo filamu ya majaribio na filamu ya kulipia deni zilikuwa ni hiyo hiyo moja, yenye nafasi kumi na mbili.

Kamera yenyewe ina uzito wa kilo moja na ushei, na ina macho mawili, moja juu ya jingine. Jicho la juu ni la mpiga picha kutazamia. La chini ndilo linaloingiza mwanga kwenye filamu. Huinui kamera usoni. Huiweka kifuani, ukafungua kifuniko cha juu, ukainamisha kichwa kama anayesoma kitabu, na picha ukaiona juu ya kioo cha ukungu. Wanafunzi wa chama cha sayansi katika shule niliyofundisha mwisho walipotazama humo kwa mara ya kwanza walipiga kelele. Mmoja alisogeza kamera kumfuata mwenzake aliyekwenda kulia, na mwenzake akazidi kupotea, kwa sababu katika kioo kile kulia huwa kushoto.

Niliwauliza: mbona wima hakupinduka? Walikuwa wamejifunza kwamba lenzi huipindua picha juu chini na kushoto kulia pia. Wote walikuwa wamechora miale ile katika madaftari, na nina hakika wote wangeipata alama yake katika mtihani. Lakini ilichukua karibu robo saa kabla ya msichana mmoja mkimya kusema kwamba ndani lazima mna kioo kilicholazwa mshazari, ambacho kimerudisha juu mahali pake na kuacha kulia na kushoto kama vilivyokuwa. Alikuwa amesema kweli. Sisemi haya ili kuwalaumu walimu wa fizikia. Nami nilifundisha ushairi kwa miaka mingi kwa watoto ambao hawakuwahi kusikia shairi likiimbwa.

Kamera ina kipimo chake cha mwanga, lakini kilitegemea betri ya zebaki ya volti 1.35, na betri hizo zimepigwa marufuku katika nchi nyingi kwa ajili ya sumu yake. Nikarudia kanuni ya wazee: jua likiwaka waziwazi, funga tundu la lenzi hadi 16, na kasi iwe sawa na nambari ya filamu. FP4 ni filamu ya 125; kwa hiyo tundu 16, kasi sehemu ya 125 ya sekunde. Penye kivuli cha wazi fungua tundu hadi 5.6. Kanuni hii haihitaji betri. Inahitaji mtu aangalie vivuli. Na hapo ndipo nilipofahamu kwa nini mjomba hakupenda kupiga picha saa sita. Katika nchi hizi zilizo karibu na ikweta jua la adhuhuri husimama utosini, likamtia mtu kivuli machoni hata akaonekana kama fuvu. Yeye alipiga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, na wateja walidhani ni uvivu.

Nilikagua nilivyoweza. Nilisikiliza kilango cha mwanga kikifunguka na kufunga katika kila kasi. Kasi za haraka zililia vizuri, lakini ile ya sekunde moja ilisuasua, kwani grisi ya miaka mingi huganda. Sponji nyeusi inayozuia mwanga kwenye kingo za mlango wa nyuma ilikuwa imegeuka lami. Niliikwangua, nikabandika uzi mweusi wa sufi mahali pake. Upande wa bawaba niliona bado mzima, nikauacha.

Ijumaa nilipiga picha tano za kwanza. Kilima cha Sagalla kwa mbali. Ukuta wa maktaba kwa karibu. Mti mmoja kwa kasi ndogo, ili kukiumbua kile kilango kinachosuasua. Wanafunzi wakiwa wamesimama. Mpishi wa shule, ambaye alisema hawezi kupitwa. Kufikia hapo nilikuwa nimekwisha kuonja uchungu wa hesabu hii. Mjukuu wangu hupiga picha mia mbili kwa simu katika harusi moja, na hakuna anayekosana naye. Mimi nilimkatalia mlinzi wa lango, mzee mwenye heshima zake, kwa sababu nilikuwa nimebakiwa na saba, na mlinzi hajanisalimia vyema tangu siku hiyo.

Jumamosi nilifika kwa bibi saa mbili na nusu asubuhi. Alikuwa amevaa gauni la kitenge na kilemba cheupe. Akaniuliza asimame au akae. Nilimweka kwenye kiti barazani, penye kivuli cha wazi, nikapiga mbili kwa karibu na moja kwa mbali. Nilitetemeka, naona haya kulisema. Kisha bintiye akaleta chai, na mila haziruhusu kuikataa. Nikaweka kamera juu ya meza, nje ya kivuli, nikanywa chai kwa nusu saa nzima nikisikiliza habari za Mwatate ya zamani. Kabla ya kuaga nilipiga moja nyingine akiwa amesimama mlangoni. Tatu zilizobaki nilizimaliza njiani, nyingine kwa mbuzi.

Usiku wa Jumatatu tuliisafisha filamu katika maabara ya shule, pamoja na mwalimu wa kemia na wanafunzi wanane. Dawa ya kusafishia hatukuwa nayo, lakini mwalimu yule alikuwa amesoma juu ya dawa iliyobuniwa mwaka 1995 katika chuo cha teknolojia cha Rochester, Marekani: kahawa ya unga inayoyeyuka na kabonati ya sodiamu, ambayo baadaye iliongezewa vitamini C. Asidi iliyomo katika kahawa ndiyo inayofanya kazi, vitamini huisaidia, na kabonati huipa nguvu. Kahawa tunaikuza wenyewe. Kabonati ni ndugu wa magadi tunayochimba katika Ziwa Magadi. Wanafunzi walitarajia harufu ya mkahawa. Mchanganyiko ule hunuka kama soksi zilizosahauliwa mvuani, na wawili walitoka nje.

Kinachotokea ndani ya kopo ni jambo ambalo hata sasa hunisisimua. Filamu ina punje ndogo mno za chumvi ya fedha, ile fedha ya madini, zilizoshikwa katika utando wa jelatini. Punje iliyoguswa na mwanga haibadiliki kwa macho. Inabeba tu alama isiyoonekana. Dawa huitafuta punje yenye alama na kuigeuza yote kuwa fedha nyeusi, na isiyoguswa huiacha. Baadaye lazima punje zilizoachwa ziyeyushwe, ama sivyo zitakuja kuwa nyeusi pindi filamu itakapotolewa nje. Kazi hiyo hufanywa na thaiosalfeti ya sodiamu, ambayo Mwingereza John Herschel aligundua mwaka 1819 kwamba huyeyusha chumvi za fedha. Wanafunzi waliifahamu chupa yake mara moja. Ni ile ile wanayochanganya na asidi wakipima mwendo wa mmenyuko, wakingoja alama ya msalaba ipotee chini ya chombo. Walikuwa wameishika mara nyingi bila kujua kwamba karibu kila picha ya ukutani kwa babu zao ilipita humo.

Dakika kumi na tano za kahawa, maji, dakika kumi za thaiosalfeti, maji tena. Nikafungua kopo. Nilikuwa na hofu ya mtu anayefungua barua ya matokeo ya mtihani ambaye anajua kwamba hakusoma.

Picha zilikuwako. Sagalla ilikuwa safi, hata miti ya mgongoni mwake ikihesabika. Ukuta ulikuwa mzuri. Ule mti wa kasi ndogo ulikuwa umeungua, negativu nyeusi tii, maana kilango kilikawia kufunga. Mpishi alikuwa amekatwa kichwa: jicho la juu lilimwona mzima, lakini jicho la chini, lililo sentimita chache chini yake, lilimwona kuanzia kidevuni. Kwa mbali tofauti hiyo haina madhara; kwa karibu hukata watu vichwa. Kwa sababu iyo hiyo picha mbili za kwanza za bibi zilikuwa kilemba nusu, ingawa macho yalionekana. Picha ya tatu, ile ya mbali, ilikuwa nzima, imekaa vizuri, uso uko wazi. Lakini mstari mweusi ulipita kutoka ukingoni hadi begani mwake. Ni ile nusu saa ya chai. Kamera ilipokaa juani, mwanga ulipenya kwenye bawaba niliyoiacha, ukaichora filamu iliyokuwa nyuma ya lenzi. Picha ya mlangoni, iliyofuata, ilikuwa na ukungu nusu nzima.

Imeingia mwanga. Nilikuwa mtu mzima mwenye pensheni, nikiwa na uzi wa sufi na mwalimu wa kemia pembeni, na bado nilikuwa nimefanya kosa lile lile la mjomba. Tofauti ni kwamba karatasi inayofungwa pamoja na filamu hii ilinihifadhia nyingine. Yeye sijui aliiacha kamera wapi siku ile ya Jamhuri, hata ikaingia zote.

Nitoke nje ya njia kidogo. Zile bahasha za negativu zilizogandamana tulijaribu kuzitenganisha ndani ya maji, na tukaokoa chache mno. Humo mlikuwa na watu wa soko zima, wafanyakazi wa mkonge, mabibi harusi, watoto waliopigwa picha ya kwanza ya maisha yao. Negativu za Priya Ramrakha, Mkenya aliyeuawa Biafra mwaka 1968 akiwa kazini kama mpiga picha, zilikaa Nairobi kwa miongo kadhaa kabla ya kufunuliwa upya, na leo ulimwengu unazitazama. Wapiga picha wa sokoni hawana anayewafunulia. Masanduku yao yanachomwa pamoja na takataka mwenyewe anapozikwa. Mwalimu wa historia anayewatuma wanafunzi likizoni kuulizia mambo ya kale angefanya hisani kubwa kuwaambia waulizie na masanduku hayo, na wakiyapata wayaweke pakavu.

Karatasi ya kuchapishia hatukuwa nayo. Tuliilaza negativu juu ya kioo cha simu kilichowashwa, tukaipiga picha kwa simu nyingine, tukaigeuza, na duka moja la Voi likaichapisha. Najua kwamba wapenzi wa filamu watanuna. Basi na wanune. Bibi alikuwa anasafiri Ijumaa.

Nilimpelekea Alhamisi. Mstari ule katika picha ulikuwa mweupe, kama mwale umeangukia begani. Niliomba radhi kwa ajili yake, kisha nikatoa daftari la mjomba, nikamsomea ukurasa ule, na yale maneno ya penseli. Bintiye alitafsiri Kitaita pale sauti yangu ilipokuwa ndogo. Bibi alisikiliza akiwa ameishika picha kwa mikono miwili.

"Ni mimi huyu," akasema hatimaye. "Nimezeeka vizuri." Akanyamaza tena. "Lakini ile, mwanangu, nilikuwa na baba watoto. Alikuwa amevaa koti jipya. Hatukupiga nyingine."

Mumewe alifariki mwaka 1986. Sikuwa na jibu, na sikulitafuta.

Nilipoinuka kuaga akaniambia nikae. Akafungua fundo la leso yake, akatafuta kwa vidole, akatoa sarafu ya shilingi tano. "Bei ilikuwa kumi," akasema. "Tano nilimpa mjomba wako siku ile. Hii ndiyo baki." Nikakataa, nikamwambia kwamba sisi ndio tunaodaiwa. Akakasirika kweli, akaniuliza kama nataka watu waseme kwamba yeye huchukua picha za watu bure.

Niliipokea. Nilipofika nyumbani nilitafuta kalamu nyekundu, nikatia alama mbele ya jina la nne, nikalirudisha daftari sandukuni. Ile bawaba nimekwisha kuiwekea uzi.